Toroli Arobaini na Tembo Mmoja

Haya hayakutokea kwetu, wala hayakutokea kwa jirani. Yalitokea katika nchi iitwayo Afadhali, na msomaji akiona yanafanana na ya kwao, basi kosa ni la macho yake. Aende akapimwe. Hospitali zipo, dawa ndizo hazipo.

Nchi ya Afadhali ilikuwa na pori kubwa liitwalo Lwanzi, na pori la Lwanzi lilikuwa na tembo mmoja. Zamani walikuwa wengi. Kwa maelezo ya serikali, wengine walihama kufuata hewa nzuri, na wengine walikwenda ng'ambo kwa mafunzo, meno yao yakitangulia. Akabaki huyu mmoja, dume mwenye jino moja na goti bovu, mlaji wa taratibu kama mtu anayechambua mchele, na watu wa kijiji cha Igunila wakamwita Mstaafu.

Ili kumlinda Mstaafu kulikuwa na Shirika la Hisani la Kunusuru Pori, lenye wafanyakazi mia tatu na kumi. Wafadhili wa ng'ambo walilichangia kila mwaka. Huko kwao watoto wa shule walivunja vibubu vyao na vikongwe waliandika wosia, wote wakilia kwa ajili ya tembo. Tembo mmoja kwa watu mia tatu na kumi! Hata mfalme hajapata kuhudumiwa hivyo. Lakini katika hao wote, aliyewahi kumwona Mstaafu kwa macho yake alikuwa mmoja tu, binti aliyeishia darasa la saba aitwaye Nyamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota mavi.

Samahani kwa neno hilo. Ofisini lilikuwa limepigwa marufuku kwa waraka. Huko waliita kielelezo.

*

Nyamizi aliipata kazi hiyo kwa ajili ya mama yake. Bi Mkunde, mama mtu, alikuwa na nyumba ya udongo, mihogo nyuma ya nyumba, na mbele ya mlango kaburi la mumewe. Siku moja akaja Bwana Ngwandu, msimamizi wa pori, akasimama katikati ya kijiji na kutangaza kwamba Igunila iko karibu mno na pori, na siku yoyote kuanzia siku hiyo itahamishwa.

"Inahamishwa kwenda wapi?" akauliza Bi Mkunde.

"Mahali pazuri, mama."

"Wewe umewahi kulala huko?"

"Mimi nina nyumba yangu, mama."

"Basi na mimi ninayo. Na mume wangu huyu hapa amelala. Ukiweza kumwamsha, zungumza naye kuhusu safari. Akikubali, nitafunga mizigo."

Watu wakacheka. Bwana Ngwandu hakucheka. Alipogeuka kuondoka akamwona Nyamizi amekaa kwenye kigogo, anatazama kuku. Alipoulizwa anafanya nini, akajibu kwamba tangu asubuhi anamsubiri yule kuku mweusi, ambaye hutaga mafichoni, na sasa amejua ni wapi. Bwana Ngwandu akamtazama kwa muda mrefu. Shirika lilikuwa na watu mia tatu na tisa wenye shahada, na hakuna hata mmoja aliyeweza kukaa kimya mpaka kuku akataga.

"Njoo ufanye kazi kwetu," akamwambia. "Kijiji cha mfanyakazi wetu hakiguswi."

"Niandikie, shikamoo," akasema Nyamizi.

Bwana Ngwandu akapapasa mifuko, akatoa kikaratasi, akaandika nyuma yake: *Kijiji cha mfanyakazi hakiguswi*, akatia sahihi. Nyamizi akakikunja mara nne, akakiweka ndani ya kopo la chumvi la mama yake. Kuanzia hapo, kila alipoinama na beleshi nyuma ya Mstaafu, alijua anaokotea nini.

*

Sasa, kwa nini yaokotwe? Ni kwa sababu ya Profesa Malekano, mtathmini mkuu wa nchi ya Afadhali, bingwa wa kupima hisani za watu. Profesa alikuwa amethibitisha kwamba tembo hahesabiwi kwa macho. Macho hulala, macho huhongwa, macho huona kile tumbo linachotaka. Kielelezo hakina tumbo. Chenyewe kimetoka humo. Kwa hiyo mtathmini atembee porini kwa mstari, ahesabu marundo, na kila marundo matatu yawe tembo mmoja. Wafadhili wakaupenda mtindo huo kwa sababu ulikuwa na desimali.

Mstaafu peke yake asingeweza kuwatosheleza wafadhili, ingawa alijitahidi. Ikabidi kazi yake ya mwaka mzima iwekwe akiba. Nyamizi alimfuata tangu alfajiri, akaokota, akapakia kwenye toroli, akapeleka bohari. Bohari yenyewe ilijengwa uani kwa Bi Mkunde, kwa maana harufu ilimpa kichefuchefu mgeni mmoja wa Mkurugenzi wa shirika, na Bi Mkunde hakuwa mgeni wa mtu. Ndani mlikuwa na vichanja, na kwenye vichanja marundo yamepangwa kwa mwezi, yamekauka vizuri, kila moja na kibandiko chake.

"Wenzako wanaanika dagaa," Bi Mkunde alikuwa akisema. "Wewe unaanika mavi. Na tunakula kwa hayo, kwa hiyo sisemi kitu."

Shida ilikuwa toroli. Ilikuwa na tundu chini, pana kama kibakuli cha uji, na kila ilipopita kwenye kisiki ilidondosha. Kutoka porini, kupita shule, kupita kisima, mpaka mlangoni kwa mama yake, mara mbili kwa siku. Nyamizi aliandika barua kuomba toroli nyingine. Aliandika barua kumi na moja, kila mwezi moja, kwa mwandiko ule wa shule ya msingi ambao herufi zake zote zimesimama wima. Majibu yakaja mara moja tu: toroli mpya arobaini zilishanunuliwa, zimo vitabuni.

"Vitabuni ni mbali, bosi?" akamuuliza Bwana Ngwandu.

"Siku moja utaiona mojawapo."

Akaiona. Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Daktari Kibwegele, alipokuja kukagua jumba lake la mapumziko kilimani, alishuka kwenye gari jeusi, refu, lenye vioo vya giza na kiyoyozi kinachonguruma kama chui. Ubavuni kulikuwa na kibati kidogo: *Toroli Na. 17*.

Nyamizi akasimama kando ya njia na toroli yake inayovuja, akaipisha toroli ya Mkurugenzi.

*

Siku mbili kabla ya tathmini ya Profesa, Mstaafu akafa.

Nyamizi alimkuta asubuhi kwenye majani, amelala upande wa goti zima. Alikaa naye mpaka jua likawa kali. Hakulia, maana hakuwa na hakika kama kilio kimo kwenye mkataba, lakini alimfukuzia nzi. Kisha akaenda kumwambia Bwana Ngwandu kwamba tembo wote wa pori la Lwanzi wamekufa.

Bwana Ngwandu akatoa macho. "Umemwambia nani?"

"Wewe, bosi."

"Basi hajafa. Tembo hufa kwa fomu, na fomu ya kufa haijachapwa. Tulichapa za kuzaliwa tu." Akafikiri, na uso wake ukaanza kunawiri. "Tena afadhali, binti. Akiwa hai angeweza kutokea mbele ya Profesa, na Profesa angemwona. Angemwona *mmoja*! Unajua mmoja angetuharibia hesabu kiasi gani?"

Jino likaenda kwa Mkurugenzi kwa ajili ya kumbukumbu. Nyama ikaenda kwa wakubwa kwa ajili ya uchunguzi. Mzee mmoja wa Igunila aliyekutwa na kipande cha sikio akapewa miaka saba kwa ujangili, na shirika likaandika kwamba ulinzi umeimarika.

*

Siku ya kwanza ya tathmini ilikuwa ya vitabu. Nyamizi aliitwa kituo cha shirika kumimina chai, kwa kuwa wahudumu kumi na wanane wa chai walikuwa kwenye semina ya chai. Kwa hiyo alisikia yote.

Profesa Malekano alikuwa mwembamba, safi, na si mtu wa kuhongwa. Alipopewa bahasha aliifungua hadharani, akahesabu fedha, akaziita posho, akatoa stakabadhi.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," akasema, "naona kila senti ya hisani imetumika porini. Asilimia mia. Sijapata kuona. Ila makao yenu makuu yako mjini, ghorofa ya kumi na mbili."

"Ghorofa ya kumi na mbili ilitangazwa kuwa pori mwaka juzi," akasema Mheshimiwa Kibwegele. "Tangazo hili hapa, na mhuri. Kuna ua kwenye kopo."

"Na hili zulia la huko?"

"Nyasi."

"Safari za ng'ambo, mara ishirini na sita?"

"Wanyama huhama, Profesa. Tunawafuata."

Profesa akatia alama ya vema, akafungua ukurasa mwingine. "Hapa kuna mwanamke analipwa kila mwezi kwenye fungu la viumbe walio hatarini kutoweka."

"Huyo ni mke wangu mdogo. Ungemjua mke wangu mkubwa, usingeuliza."

Profesa akatia vema. "Toroli arobaini, mpya, zisizovuja. Zipo?"

"Nimekuja na mojawapo."

Profesa akachungulia dirishani, akaliona gari jeusi, akasoma kibati. Akatia vema kubwa kuliko zote. Nyamizi alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani, akakaripiwa.

*

Siku ya pili ilikuwa ya matokeo. Tangu kabla ya jua Nyamizi alikuwa ameyalowesha marundo, akayapasha moto kwenye masufuria ya mama yake, akayasambaza porini kwa mstari. Profesa alipofika, marundo yalikuwa yanatoa mvuke.

"Yanafuka!" Profesa akasema kwa sauti ya mtu aliye msikitini. "Wamepita sasa hivi! Tumewakosa kidogo tu!"

"Kidogo tu," akasema Bwana Ngwandu.

Wakahesabu marundo elfu moja mia mbili thelathini na tisa. Tembo mia nne na kumi na tatu. Profesa akaondoa miwani akaifuta, maana chozi lilikuwa limemtoka kwa desimali kukosekana. Mkurugenzi akakumbatiana na Bwana Ngwandu. Nyamizi, nyuma kabisa na toroli yake, akapumua. Kijiji cha mama yake kimepona.

Ikaja saa ya chakula, na chakula kilikuwa kilimani, kwenye jumba la Mkurugenzi. Njia ya mkato ilipita Igunila.

Profesa akakanyaga rundo la kwanza karibu na shule. Akasimama. Akaliona la pili, la tatu, la nne, yamepinda kufuata njia, yakapita kisimani, yakaenda mpaka mlangoni kwa Bi Mkunde. Ilikuwa kazi ya tundu moja kwa miezi kumi na moja. Akaanza kuhesabu mbio, mguu huku mguu kule, kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

"Mia sita!" akapaza sauti. "Tembo mia mbili, kwenye njia moja! Mnajua hii ni nini? Huu ni ushoroba! Ni mapito makuu ya tembo, na juu yake watu wamejenga kijiji!"

Bi Mkunde alikuwa mlangoni anamenya mihogo. "Mapito ya nani, baba?"

"Ya tembo, mama. Wanapita hapa usiku na mchana."

"Mimi nimekaa hapa miaka hamsini na mbili. Aliyepita hapa na mavi ni huyu mwanangu."

Ndipo Nyamizi akasogea mbele. Alijua akisema ukweli kazi imekwisha, na asiposema nyumba imekwisha.

"Shikamoo Profesa. Si tembo. Ni toroli yangu, inavuja. Hili hapa tundu." Akaiinamisha. Profesa akaliona tundu, na kupitia tundu akaona miguu ya Nyamizi. "Na hayo ya porini ni mimi niliyeyapanga leo alfajiri. Tembo alikuwa mmoja tu, na amekufa. Nitakupeleka ukaone mifupa."

Bwana Ngwandu akatafuta pa kushika. Mkurugenzi peke yake ndiye aliyetabasamu, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi.

Profesa akafungua daftari lake, akapekua, akapata.

"Binti," akasema kwa upole, "jana nimethibitisha kwamba shirika hili lina toroli arobaini mpya zisizovuja. Nimetia vema. Toroli mpya haivuji. Kwa hiyo toroli yako haivuji. Kwa hiyo hukudondosha. Kwa hiyo ni tembo."

"Profesa, chungulia tundu!"

"Tundu nimeliona. Vitabuni halimo." Akamwekea mkono begani. "Wanavijiji wengi hawajijui kwamba wamefaidika. Tuna fungu lao." Akaandika: *Mnufaika asiyejitambua: mmoja.*

*

Matrekta yalikuja siku ya tatu. Sheria ya nchi ya Afadhali ilikuwa fupi: penye kielelezo cha tembo, binadamu aondoke ndani ya siku tatu. Nyamizi akalichukua kopo la chumvi, akakitoa kile kikaratasi, akamkimbilia Bwana Ngwandu nacho kimefunguliwa.

"Bosi, uliandika. Kijiji cha mfanyakazi hakiguswi. Sahihi yako hii."

Bwana Ngwandu akakichukua, akakigeuza upande wa pili, na uso ukamng'aa.

"Kumbe ulikuwa nayo wewe! Stakabadhi ya mbuzi choma na bia kumi na mbili. Mhasibu ananisumbua tangu mwaka jana." Akaitia mfukoni. "Ahsante sana, mdogo wangu. Wewe ni mtunzaji."

Trekta likaingia jikoni. Bi Mkunde alikaa juu ya kaburi la mumewe, akalishika kwa mikono yote miwili, na askari wanne wakamwinua pamoja na udongo uliokuwa kwenye ngumi zake. Hakupiga kelele. Alimtazama tu mwanawe, akasema, "Nilikuzaa mmoja. Na wewe ukawazalia tembo mia sita na kumi na tatu."

Wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa Makazi ya Furaha, uwanda wa mawe na upepo, usio na mti wala tone la maji. Ripoti ikaandika kwamba watu elfu mbili wamefaidika na usafiri wa bure.

Nyamizi hakupanda lori. Alikuwa bado mfanyakazi, na bohari ilikuwa imeachwa isimame, kwa kuwa ilikuwa mali ya hisani. Akaingia, akakaa kwenye kigogo chake, akavitazama vichanja siku nzima, kama alivyowahi kumtazama kuku mweusi. Vilikuwa vimebaki na marundo zaidi ya mia mbili.

Asubuhi yake, bila kujificha, akapanda kilima akiisukuma toroli. Mlinzi wa jumba la Mkurugenzi akampigia saluti. Mtu mwenye sare na mavi ni mtu wa shirika. Akayapanga marundo sitini kwenye bustani, kandokando ya bwawa la kuogelea, ngazini, na moja, lenye mvuke, kwenye zulia la ukumbini. Kisha akamwita Profesa.

Profesa akahesabu bila kumtazama mtu usoni. Sheria ni sheria. Tembo ishirini. Ushoroba. Mkurugenzi aondoke ndani ya siku tatu.

Nyamizi akakaa chini ya kilima kulisubiri trekta. Alikuwa na subira. Siku ya kwanza likaja gari la mapambo, kupima mapazia. Siku ya pili ikaja bendi. Siku ya tatu akaja Waziri mwenyewe na hundi ndefu kama mlango: fidia ya nyumba, fidia ya bwawa, fidia ya usumbufu, na kifuta machozi cha mke mdogo.

"Mheshimiwa Kibwegele," Waziri akahutubia, "umelitoa jumba lako kwa ajili ya viumbe wasioweza kusema! Taifa litakulipaje? Kwa kuwa utafiti mpya unaonyesha tembo wamehama Igunila na kuhamia hapa, Igunila sasa ni tupu, haina tembo wala mtu. Ipokee!"

Makofi yakapigwa. Msingi wa jumba jipya ulichimbwa juma lilelile, na bwawa la kuogelea likawekwa mahali udongo ulipokuwa laini, kwa kuwa palishawahi kuchimbwa.

Jioni hiyohiyo Waziri alimwita Nyamizi pembeni. Nyamizi akatoa mikono yake ifungwe pingu. Waziri akaishika, akaitikisa kwa heshima.

"Dada yangu," akanong'ona, "na mimi nina kajumba kangu. Kamechakaa kidogo. Marundo kumi tu."

*

Habari hazihitaji barabara. Zilifika mpaka Makazi ya Furaha kwamba penye mavi serikali huja na hundi, na watu huhamishwa kwenda pazuri. Nyamizi alipomtembelea mama yake, alimkuta chini ya turubai, midomo imepasuka kwa kiu, ule udongo wa kaburi ameufunga kwenye pindo la kanga.

"Mwanangu," akasema Bi Mkunde, "ngoja nikuombe kitu ambacho hakuna mama aliyewahi kumwomba mwanawe. Niletee mavi."

"Mama."

"Matatu tu. Tembo mmoja. Sitaki hundi. Nataka waseme hapa ni pao, watuondoe, waturudishe kwetu. Hata kibarazani kwa huyo Mkurugenzi nitalala."

Nyamizi akaleta. Alichagua yaliyokuwa mazuri kuliko yote, ya mwezi wa mwisho wa Mstaafu, yenye maganda ya mbuyu ndani yake, akayaweka mbele ya turubai. Profesa Malekano akaitwa. Alikuja na toroli namba kumi na saba, akashuka, akachuchumaa. Akalivunja rundo moja kwa kijiti, akanusa, akatazama mbingu, akatazama mawe. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaomba miwani ya pili.

"Limekauka kwa ndani," akasema polepole. "Limeloweshwa juu. Hapa hakuna maji, hakuna jani, na nyayo hakuna. Tembo hawezi kuishi hapa hata siku moja. Hakuna kiumbe anayeweza kuishi hapa." Akasimama, amepauka kwa ghadhabu ya kisomi. "Hiki ni kielelezo cha kughushi!"

Hakika ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ya Afadhali mavi ya uongo kutambulika. Askari wakauliza ni ya nani. Nyamizi akafungua mdomo, lakini mama yake alishapita mbele yake.

"Ni ya kwangu," akasema Bi Mkunde. "Nimeyaokota mwenyewe. Huyu dada wa shirika simjui." Kisha akamgeukia askari. "Huko gerezani, mwanangu, kuna maji?"

"Kuna bomba, mama."

"Haya, twende."

Ripoti ya mwaka ilitoka ikiwa na picha ya tembo iliyoazimwa nchi jirani. Shirika likapewa nyota tano. Nne zilikuwa za matumizi na matokeo, na ya tano ya uadilifu: *kesi moja ya udanganyifu iligunduliwa na kushughulikiwa ipasavyo.* Ng'ambo watoto wakavunja vibubu vipya.

Kwa furaha hiyo kila mfanyakazi akapewa zawadi, na Nyamizi akaletewa toroli. Toroli ya kweli, ya bati la buluu, gurudumu jipya, chini hakuna tundu. Aliandikiwa barua kumi na mbili na wakubwa kumi na wawili, kila mmoja na kajumba kake. Akapakia kutoka bohari, akapita kwenye bwawa la kuogelea ambamo mke mdogo alikuwa anaogelea chali, akapita kilipokuwa kisima, akapita ilipokuwa shule. Toroli mpya ikaenda kimya, haikudondosha hata punje. Alipofika mwisho wa njia akageuka kutazama alikotoka, na nyuma yake njia ilikuwa safi kabisa, kama vile hakuna mtu aliyewahi kukaa hapo.